Huduma ya kufufua pamu za vyunguni: tathmini ya kitalu kimoja cha barabara ya Entebbe

Kitalu ninachokifanyia tathmini hakina jina. Kiko kando ya barabara iendayo Entebbe, kati ya mafundi wa vyungu vya saruji na wauza vitanda vya chuma, na alama yake pekee ni ubao uliopakwa chokaa na kuandikwa namba ya simu kwa rangi nyekundu. Kama vilivyo vitalu vingine vya njia hiyo, kinauza miche, nyasi za bustani, maua na mboji. Ila kina huduma moja ambayo wateja wengi hawaijui kwa kuwa hakuna anayeitangaza, nayo ni kumtuma fundi nyumbani au ofisini kwako akahudumie mimea ya vyunguni iliyotelekezwa. Kwa maoni yangu huduma hiyo ni nzuri sana kwa yale wanayoyatoza bei ndogo, yaani kazi ya mikono kwenye mizizi na udongo wao uliochanganywa kwa ujuzi, na ni dhaifu kwa yale wanayoyasifia na kuyatoza bei kubwa, yaani vyungu vipya, mbolea na kile wanachokiita usafi wa majani. Mwenye fedha kidogo akijua kununua upande wa kwanza na kuukataa wa pili, atabaki na pamu hai, yaani miti ya mapambo ya jamii ya mnazi na mtende, kwa sehemu ndogo ya bei ya pamu mpya.

Nianze na hali ya mimea yenyewe, maana huduma ya aina hii haipimiki bila kujua ilianzia wapi. Pamu zilikuwa saba, zilizoachwa na kampuni iliyohama kutoka ghorofa ya chini ya jengo tunaloishi Ntinda, mtaa mmoja wa Kampala. Nne zilikuwa areka, pamu ile yenye mashina membamba ya manjano yanayojaa chungu kimoja, ambayo asili yake ni Madagaska na ambayo wataalamu wa mimea siku hizi huiita Chrysalidocarpus lutescens, ingawa wauzaji wengi bado wameng'ang'ania jina la zamani la Dypsis. Mbili zilikuwa mitende midogo ya mapambo, Phoenix roebelenii, iliyotoka pande za Laos, Vietnam na kusini mwa China, nayo ni ya ukoo mmoja na mkindu wetu unaoota mabondeni na kutupatia ukili wa mikeka. Ya saba ilikuwa pamu ya majani ya pepeo, Livistona chinensis, iliyokwisha kuwa kubwa kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuisogeza. Zote zilikaa ukumbini bila maji kiangazi kizima, udongo umejitenga na kuta za vyungu, makuti ya chini yamekauka, ya kati yana madoa ya manjano, na juu ya yote limetanda vumbi ambalo watoto walikuwa wameandika majina yao kwa kidole. Sisi wapangaji tulichanga shilingi 150,000, na ilieleweka tangu mwanzo kwamba hakutakuwa na mchango wa pili.

Swali la kwanza ambalo jirani mmoja aliliuliza, na alikuwa na haki ya kuliuliza, ni kwa nini tusiziache zife tukanunua mpya mbili. Jibu liko kwenye namna pamu inavyokua. Bei ya pamu ni bei ya kimo, na kimo chake ni miaka, kwa sababu mti huu hukua taratibu na hauharakishwi kwa mbolea. Areka yenye kimo cha mtu mzima niliulizia bei kwenye kitalu hichohicho nikatajiwa shilingi 120,000 bila chungu. Kwa mchango wetu tungepata moja na chenji ya kulipia usafiri. Zaidi ya hapo, pamu iliyonyauka kwa kiu haijafa mpaka kilele chake kife. Kila shina lina sehemu moja tu ya kuotea, iliyojificha katikati ya makuti ya juu, na maadamu hapo pangali pazima na mizizi kadhaa ingali hai, kuna kitu cha kuokoa hata kama makuti yote yanayoonekana yanatia huruma.

Nilipopiga simu, bei ya kwanza niliyotajiwa ilikuwa shilingi 420,000, na ndani yake mlikuwamo vyungu saba vipya vya saruji, mbolea na dawa. Sikuikataa, niliomba tu wanitenganishie bei ya mikono, bei ya udongo na bei ya vyungu, na hapo ndipo picha ilipobadilika. Kazi ya mikono ilikuwa shilingi 8,000 kwa kila pamu ya kawaida na 15,000 kwa ile kubwa. Gunia la udongo uliochanganywa 12,000. Gunia la maganda ya kahawa 5,000. Na bodaboda ya kumleta fundi pamoja na mizigo yake 15,000. Kwa pamu zote saba, magunia matatu ya udongo na moja la maganda, jumla ilifika 119,000. Nawasifu kwa jambo hili: mara tu nilipouliza, walijibu bila kununa na bila kupandisha bei ya kitu kimoja ili kufidia kingine. Mteja asipouliza, hata hivyo, hatatenganishiwa kitu.

Fundi aliyekuja alikuwa kijana wa Busia mwenye Kiswahili chepesi cha mpakani na mikono inayojua kazi, lakini hatua yake ya kwanza ilinitia wasiwasi. Aliutazama mtende mdogo uliokuwa na makuti mawili tu ya kijani, akatoa panga.

"Mama, hii tukate yote hapa chini, itachipua yenyewe," aliniambia.

"Mwanangu, huu si mgomba. Ukiukata kichwa umeumaliza."

Alicheka, lakini panga hakuliweka chini mpaka alipompigia simu mzee wa kitalu, ambaye alimwambia mambo yaleyale kwa maneno makali zaidi. Mzee huyo ndiye aliyemwelekeza pia namna ya kukagua: ashike kuti changa lililo bado limejikunja katikati ya mti, alivute polepole kwa vidole viwili bila kulazimisha. Likikataa kutoka, kilele kizima. Likichomoka kirahisi, na ncha yake ya chini ikawa laini na yenye harufu ya kuoza, shina hilo limekwisha, na kwa mtende wa shina moja hakuna haja ya kutumia hata shilingi juu yake. Kwa areka si lazima kukata tamaa, kwa kuwa mashina mengi yaliyomo katika chungu kimoja kwa kawaida ni miche mbalimbali iliyopandwa pamoja, na kufa kwa mmoja hakuuwi mingine. Katika saba zetu, mtende mmoja kati ya ile miwili ulikuwa umekwisha. Kuti lilichomoka mkononi bila upinzani. Fundi aliusafisha udongo wake na kuutoza kama kazi nusu, shilingi 4,000, na zile 4,000 nyingine akazirudisha bila kuombwa. Huo ni uungwana ambao nimeuona kwa wachache katika biashara hii.

Kazi ya mizizi ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Udongo wa pamu zetu ulikuwa umekauka hadi kufikia hali ya kuyakataa maji: ukiumwagilia, maji hupita pembeni kati ya udongo na chungu, hutoka chini papo hapo, na mwenye kumwagilia huridhika akidhani mti umekunywa. Fundi hakumwagilia. Alijaza beseni kubwa maji ya mvua kutoka tangi letu, akakizamisha chungu cha kwanza mpaka maji yakafunika uso wa udongo, akakishikilia kwa uzito wa tofali. Viputo vilianza kutoka kwa kasi, kisha kimoja kimoja, kisha vikakoma, na hapo tu ndipo alipokitoa na kukiacha kichuruzike juu ya matofali mawili kabla ya kuingiza kingine. Wakati pamu za mwisho zikiloweka, alianza kuzitoa za mwanzo vyunguni, na sasa udongo uliolowa uliachia mizizi bila kuikata.

Kilichoonekana ndani kilieleza mengi. Areka mbili hazikuwahi kutolewa kwenye viriba vyeusi vya nailoni zilimokuzwa kitaluni. Mtu aliyezipanda alikitumbukiza kiriba kizima ndani ya chungu cha urembo na kuficha mdomo wake kwa mawe meupe. Mizizi ilikuwa imezunguka ndani ya nailoni mpaka ikafanya kikapu, na udongo wa ndani ulikuwa ule mwekundu mzito wa kilimani ambao ukikauka hugeuka tofali. Fundi alikichana kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini, akaulegeza udongo wa nje kwa kijiti cha mianzi, akaiondoa mizizi myeusi iliyovunjika kwa kuguswa, na ile mieupe na ya kahawia iliyo migumu akaiacha yote. Hakuivuta miche kuitenganisha, ingawa jirani yetu mmoja alimshawishi azigawe ili tupate vyungu vingi zaidi. Alikuwa sahihi kukataa: pamu hazipendi mizizi yake kuchanwachanwa, na mti ambao tayari ni mgonjwa hauwezi kulipa deni hilo.

Udongo wao unastahili sifa ya pekee. Si ule mboji mweusi mtupu unaouzwa kando ya barabara nyingi, unaopendeza macho siku ya kwanza kisha ukashikamana na kukosa hewa. Ni mchanganyiko wa udongo wa juu, mchanga mnene wa ziwani, samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza kabisa, na maganda ya kahawa yaliyoachwa kwenye mvua mpaka yakawa meusi. Maganda ya kahawa nchini Uganda ni mali ambayo baadhi ya watu huitupa ama kuichoma, ilhali yana potasiamu nyingi, madini ambayo pamu huyahitaji kuliko mimea mingi ya mapambo, na yakishaoza huacha nafasi za hewa ndani ya chungu. Yale mabichi hayafai kuchanganywa ndani kwa wingi, kwa sababu yanapooza huitumia nitrojeni ya udongo na mmea ukabaki na njaa. Gunia tuliloletewa lilikuwa na ya aina zote mbili, mazee chini na mabichi juu. Fundi aliyatumia mazee ndani na mabichi akayatandaza juu ya udongo kama matandazo, jambo ambalo halina madhara na linazuia udongo kukauka haraka. Nilimwongezea vipande vya mkaa kutoka chini ya gunia la jikoni, vile vidogo visivyofaa jikoni, navyo alivipokea kwa furaha.

Tulitofautiana kuhusu mawe. Karibu kila fundi wa vitalu huweka tabaka la kokoto chini ya chungu akiamini kwamba linasaidia maji kutoka, na wa kwetu naye alikuwa na ndoo yake tayari. Kwa kweli maji hayashuki kutoka kwenye udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye mawe makubwa mpaka udongo ulio juu ya mawe hayo uwe umeshiba kabisa, kwa hiyo tabaka hilo huipandisha tope karibu zaidi na mizizi na kupunguza nafasi ya udongo. Kipande kimoja cha chungu kilichovunjika juu ya tundu, ili udongo usitoke, kinatosha. Badala ya kokoto tuliongeza matundu: vyungu vitatu vya plastiki vilikuwa na tundu moja dogo katikati, na kimoja hakikuwa nalo kabisa. Fundi alivitoboa kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa, matundu matano kila kimoja, kazi ambayo hakutoza.

Vyungu vipya ndivyo mahali ambapo mteja huliwa. Kwa pamu yenye mizizi michache, chungu kikubwa ni hatari, kwa sababu udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji muda mrefu na kuiozesha hata ile iliyosalia. Chungu kizuri kinazidi bonge la mizizi kwa sentimita tatu hadi tano pembeni, si zaidi, na kwa pamu zetu nyingi hiyo ilimaanisha kurudi kwenye vyungu vilevile baada ya kuvisugua kwa brashi na maji ya sabuni kuondoa ukoko mweupe wa chumvi za mbolea ya zamani. Areka moja pekee ndiyo iliyohitaji makao mapya, nayo ilipata ndoo nyeusi ya plastiki ya shilingi 8,000 yenye matundu. Si kitu cha kujivunia sebuleni, lakini kapu la ukili la kuifichia ndani yake linapatikana sokoni kwa bei nafuu kuliko chungu cha saruji, ambacho kitaluni kilikuwa kinaanzia shilingi 35,000.

Jambo jingine la kumsimamia fundi ni kina. Pamu iliyopoteza mizizi hutikisika, na njia ya haraka ya kuituliza ni kuizika zaidi, mpaka sehemu ya chini ya shina ifunikwe. Huko ni kuibana pumzi. Mizizi iliyozama mno hukosa hewa, hushindwa kuchukua madini ya chuma na manganizi, na baada ya muda makuti mapya hutoka yakiwa yamefifia ama yamekunjamana. Fundi wetu aliizika moja hivyo, tukaitoa na kuirudisha kwenye kina chake cha zamani, kisha tukaifunga kwa kamba ya katani kwenye vijiti vitatu vya mianzi. Vijiti hivyo havikugharimu kitu.

Sasa nije kwenye kile ninachokilalamikia zaidi, yaani usafi wa majani. Huduma ya kitalu hiki, kama ya vingi nilivyoviona, huhesabu kwamba pamu iliyohudumiwa ni ile iliyobakizwa makuti matatu mazuri yanayong'aa. Kuti lolote lenye doa la manjano huondolewa. Kwa macho ya mpita njia mti unaonekana umetibiwa, lakini kwa mti wenyewe ni hasara, kwa sababu pamu inapokosa potasiamu au magnesi huyahamisha madini hayo kutoka makuti mazee kwenda kwenye lile linalochipua. Kuti la chini lenye madoa ya manjano na ncha zilizoungua ndilo ghala lake. Ukilikata, mti huanza kula kuti linalofuata juu yake, na mkasi hulifuata nalo. Kinachopaswa kukatwa ni kuti lililokauka lote mpaka kwenye bua, basi. Niliweka mkono juu ya mkasi mara kadhaa, na mwisho tulikubaliana kwamba atakata kilicho kahawia tupu, na kwa makuti yaliyoungua ncha tu atapunguza ncha hizo kwa mkasi akiacha uzi mwembamba wa sehemu iliyokauka bila kuingia kwenye kijani. Mafuta ya kupikia aliyokuja nayo kwenye chupa ya soda ili kuyang'arisha majani niliyakataa moja kwa moja. Mafuta hunasa vumbi na kuziba vinyweleo vya jani.

Badala yake tuliziosha. Ukitaka kujua kama pamu ya ndani ina utitiri, lipige kuti juu ya karatasi nyeupe kisha utazame kama kuna nukta zinazotembea. Kwenye areka zetu zilitembea, na chini ya majani kulikuwa na utando mwembamba. Utitiri hupenda hewa kavu ya ndani na mimea yenye kiu, na kwa idadi ile hauhitaji dawa ya dukani. Kipande cha sabuni ya mche kilichokwanguliwa na kuyeyushwa ndani ya maji ya vuguvugu, kitambaa laini, kufuta kila jani juu na chini, kisha kusuuza kwa maji safi kivulini, na kurudia baada ya wiki moja ili kuwapata walioanguliwa, vinatosha. Vidugamba, wadudu wadogo wa magamba wanaoganda kwenye mmea na kuufyonza, vilivyokuwa kwenye bua la pamu kubwa tulivikwangua kwa ukucha na mswaki wa zamani. Nawatahadharisha wanaoshika mitende midogo: sehemu ya chini ya kila kuti lake ina miiba mirefu inayoingia kwenye kidole kama sindano, na mabua ya ile ya pepeo nayo yana meno, kwa hiyo glavu za bustani ni lazima, na kitalu hakikuleta.

Mbolea walitaka kuitia siku hiyohiyo, kiganja kimoja cha NPK ya 17-17-17, yaani yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiwango sawa, kwa kila chungu. Hilo nilikataa kwa sababu mbili. Kwanza, mizizi iliyotoka kutibiwa haihitaji chumvi, na mbolea juu ya mizizi dhaifu huiunguza. Ni bora kungoja mpaka kuti jipya lisogee. Pili, uwiano wa mbolea hiyo si wa pamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, waliozichunguza pamu kwa miaka mingi, wanapendekeza kwa pamu za bustani mbolea ya 8-2-12 yenye magnesi asilimia 4, yaani potasiamu nyingi kuliko nitrojeni na fosforasi kidogo sana. Mbolea ya uwiano huo si rahisi kuipata hapa, lakini mwenye subira anaweza kuikaribia kwa maganda ya kahawa yaliyooza, samadi kidogo, na chumvi ya Epsom ya duka la dawa, ambayo ni salfeti ya magnesi, kijiko kidogo kimoja ndani ya lita kadhaa za maji. Sabuni na chumvi hiyo vilitugharimu shilingi 6,000. Atakayetaka mbolea ya potasiamu yenyewe aende kwenye maduka ya pembejeo ya Container Village, Nakivubo, hapahapa Kampala, aombe kupimiwa kidogo, na aitumie kwa mkono mwepesi mno, kwa kuwa chungu hakina mahali pa kupeleka chumvi iliyozidi.

Upungufu wa mwisho wa huduma hii ni kwamba inakoma fundi anapopanda bodaboda. Hakuna maelekezo ya baadaye, hata ya mdomo, ilhali hapo ndipo pamu nyingi hufia. Jambo la kwanza ambalo kila mtu hulifanya ni kuutoa mgonjwa juani apate nguvu. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, jua la mchana linasimama utosini, na kuti lililozoea giza la ukumbini huungua na kupauka kwa mchana mmoja. Zetu ziliwekwa kwanza kwenye baraza lenye kivuli kizima, kisha zikasogezwa kidogo kidogo kuelekea upande unaopata jua la asubuhi. Dirisha la magharibi halifai bila pazia. Maji hutolewa pale kidole kikiingia mpaka kiungo cha pili na kukuta pakavu, na yanapotolewa yatolewe ya kutosha mpaka yatoke chini, kisha maji ya sahani iliyo chini ya chungu yamwagwe. Kikombe cha maji kila asubuhi, ambacho ndicho desturi ya walinzi wengi wa majengo, hulowesha juu tu. Kama kitalu kingechapa mambo haya kwenye karatasi moja na kuyakabidhi pamoja na risiti, ningekipa alama zaidi, maana kwa sasa hata risiti unaiomba.

Kuhusu matokeo, mtu asitarajie miujiza ya haraka. Makuti yaliyoharibika hayarudi kuwa ya kijani, na yeyote anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno. Kinachotazamwa ni kuti changa: unaliwekea alama ya kalamu pale linapotokezea, na alama ikipanda juu unajua mizizi inafanya kazi. Areka tatu zilipandisha alama kabla ya mvua za Machi kukolea, ya nne iliyo ndooni ilichelewa lakini imefuata, na ile kubwa ya pepeo imefungua jani zima lisilo na doa. Mtende mdogo uliosalia bado una makuti mawili na kilele kigumu. Sijautoa katika orodha ya wagonjwa. Katika shilingi 150,000 tulizochanga zilibaki 21,000, pamoja na zile 4,000 tulizorudishiwa, nazo zimetengwa kwa gunia jingine la udongo.

Nililinganisha pia na duka moja la bustani la kisasa, lenye chemchemi mlangoni na vyungu vya kutoka nje. Huko walikuwa tayari kuzichukua pamu zetu kwa matunzo, lakini ada ya kila mwezi ingemaliza mchango wetu kabla ya mwezi wa pili, na mtumishi aliyenihudumia alinishauri kwa upole ninunue za plastiki. Kwa ofisi kubwa isiyotaka kushika udongo huenda duka lile lina maana. Kwa wapangaji, shule, nyumba za wageni na makanisa yenye pamu zinazofia kwenye korido, kitalu cha barabarani kinalishinda kwa mbali.

Anayetaka kukitumia achague miezi ya kiangazi, kwa kuwa kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, mafundi wote huwa kwenye kazi za kupanda nyasi na utangojeshwa. Apige picha ya kila pamu na mizizi inayoonekana kwenye matundu, azitume kwa simu, na aombe bei tatu mbalimbali kama nilivyoeleza. Amwombe yule mzee aje mwenyewe. Anatoza shilingi 20,000 zaidi kwa siku, haji siku za Ijumaa, na hubeba mkasi badala ya panga. Malipo ni taslimu au kwa simu, nusu wakati wa kuagiza udongo na nusu kazi ikiisha, na ukiwarudishia magunia matupu wanakupunguzia shilingi elfu moja kwa kila gunia.